"Umleavyo", si "Ulivyomlea"

Mara nyingi twawafunza wanafunzi wetu methali isemayo: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Je, methali hii ni hukumu kwa yule aliyelelewa katika dhiki?

Swali hili si geni huku Mubuku. Waasi walipovuka mpaka na kushambulia Mpondwe mwezi wa Novemba 1996, na mito ya Ruwenzori ilipofurika mwaka 2013 na 2020, wapo watoto waliopoteza wazazi au makao, wakalelewa na bibi, shangazi au jirani. Uchunguzi wa Felitti, Anda na wenzao, uliochapishwa Marekani mwaka 1998, ulionyesha kwamba kadiri mateso ya utotoni yanavyozidi, ndivyo hatari ya maradhi na ya sononeko inavyozidi ukubwani. Walakini hatari si majaliwa.

Nasi walimu na tulitazame neno lenyewe. Wahenga hawakusema "ulivyomlea", kana kwamba kazi imekwisha. Walisema "umleavyo": kitenzi kisichofungwa na wakati, ambacho mtenda wake ni mlezi, awe mzazi au asiwe. Basi mwalimu ampokeaye kijana wa miaka 15, aliyekwisha kuhamishwa nyumba tatu, naye yumo katika nafsi ya pili ya kitenzi hicho. Aitumiaye methali hii kumkatia kijana tamaa ameipindua, kwani mzigo wa walezi amemtwika mtoto.

Dhiki ya jana hatuwezi kuifuta. Malezi ya leo tungali tumeyashika mikononi, na kwa hayo tutaulizwa.