Msamaha Huu ni wa Nani?

Mtoto wa kike ametendewa unyama na mtu mzima siku ya Jumatatu. Mama agundua jioni, amwambia mumewe. Wazee wa pande mbili waitwa, lakini kikao chawekwa Jumamosi kwa kuwa mjomba yu safarini. Siku hiyo mbuzi wawili watolewa pamoja na fedha kidogo, watu wapeana mikono, na shauri lahesabiwa kuwa limekwisha. Ni nani kati yetu hapa Tanzania asiyepata kusikia mambo ya namna hii?

Twauliza: limekwisha kwa nani?

Serikali imefanya kazi, ingawa si yote. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, na tangu hapo mtu mzima aliyebaka hufungwa si chini ya miaka 30. Kwa sheria hiyo mahakama yaweza kumtia mtu hatiani kwa neno la mtoto peke yake, ikiridhika kwamba asema kweli. Baadaye lilianzishwa Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na katika baadhi ya hospitali vikafunguliwa vituo vya mkono kwa mkono, ambamo aliyeumizwa humwona daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii mahali pamoja, asizungushwe huku na huku akisimulia aibu (aibu isiyo yake!) mbele ya kila mtu.

Lakini dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kupita. Kutoka Jumatatu hata Jumamosi ni saa ngapi? Na daktari ataandika nini katika fomu ya PF3, ikiwa nguo zimekwisha kufuliwa na mtoto ameogeshwa siku tano?

Sababu za kunyamaza twazijua. Mara nyingi mkosaji si mgeni: ni jirani, au ni baba mdogo ambaye ndiye alishaye nyumba. Mama asiye na shamba akimshtaki, kesho watoto watakula nini? Swali hilo si la kubezwa, na Serikali iliyoweka miaka 30 yapaswa kulijibu pia. Vilevile dawati lisilo na chumba cha faragha ni jina tu. Basi mama huyo hatumlaumu kama tuwalaumuvyo wazee.

Wazee husema: sisi ni watu wa amani, tena Mkristo amefundishwa kusamehe. Hasha! Kusamehe ni haki yake yule aliyekosewa. Baba aliyepokea mbuzi hakusamehe kitu. Ameuza kisicho chake. Hata sheria yaamuru mkosaji alipe fidia, na aliyetendewa ndiye wa kulipwa, wala si baba yake wala ukoo. Na kama msichana mwenyewe atamsamehe siku moja, hiyo ni siri ya moyo wake mbele ya Mungu, wala haifungui mlango wa gereza. Kifungo hakikuwekwa kwa ajili ya kisasi chake. Kiliwekwa pia kwa ajili ya mtoto wa nyumba ya pili, ambaye mtu yule, akiisha kutoa mbuzi wake, atampita njiani kila asubuhi.

Katika kikao kile cha Jumamosi, mtoto mwenyewe hakuulizwa neno. Alikuwa jikoni, akiwachemshia wageni chai.