Wengi Wape, Lakini Wape Nini?

Wahenga walituachia methali isemayo: wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe. Katika mikutano ya mitaa hapa Dar es Salaam, methali hii hutumika kama komeo la mlango. Ikishatamkwa, mjadala umefungwa, na aliyebaki na neno moyoni huondoka nalo.

Lakini ndugu msomaji, hebu tuisikilize methali yenyewe kwa makini. Je, inasema kwamba wengi wana haki? Inasema kwamba wengi wana nguvu. Nusu yake ya pili inamwonya mnyonge kuhusu yatakayompata akikataa. Kumwonya mtu kwamba mto umefurika ni jambo la busara. Kusema kwamba mto una haki ya kumchukua ni jambo jingine kabisa.

Kwa sisi tunaoishi Temeke, na kwa wenzetu wa Manzese, Tandale na Keko, swali hili halitoki vitabuni. Zaidi ya nusu ya wakazi wa jiji hili wanaishi mahali ambapo nyumba zilitangulia na ramani ikafuata, au haikufuata kabisa. Mtu alinunua kipande kwa mwenyeji, wakaandikiana mbele ya mjumbe wa nyumba kumi na mashahidi, mpaka ukawa mnazi au mstari wa minyaa. Njia ikawa ile nafasi iliyobaki baada ya kila mtu kujenga. Kisha mmoja akaongeza kibaraza, mwingine akatoa fremu ya duka, wa tatu akachimba shimo la choo nje ya ukuta wake. Hakuna aliyeiba barabara. Kila mmoja alichukua hatua moja tu.

Na njia hiyo nyembamba ndiyo sebule yetu ya pamoja. Asubuhi ni soko la vitumbua, mchana ni uwanja wa watoto, jioni ni kijiwe cha bao na kahawa. Akifa mtu, maturubai husimikwa humo humo, na wapita njia huzunguka bila kunung'unika. Wala kujitwalia njia si tabia ya uswahilini peke yake. Ziko sehemu za wenye nafasi ambako barabara ya mtaa hufungwa kwa geti na kuwekewa mlinzi, na mgeni huulizwa anakwenda kwa nani. Maskini huibana njia kwa kibaraza, tajiri huibana kwa geti.

Miaka michache iliyopita mtaa wetu uliitisha mkutano kuhusu kichochoro chenye upana wa mita 2 hivi. Hoja ya kukipanua ilikuwa nzito, wala sitaki kuipunguza. Gari la wagonjwa halikuweza kuingia; mgonjwa alibebwa kwa kiti au kwa mkokoteni hadi barabara kubwa. Jeneza lilipita kwa kuinamishwa. Gari la kunyonya majitaka halikufika, kwa hiyo mvua za masika zilipoanza, baadhi ya watu walitapisha vyoo, uchafu ukapita milangoni mwa majirani. Anayejua harufu hiyo, na anayejua kipindupindu, hawezi kusema kwamba barabara ni anasa.

Ilipendekezwa njia iwe ya mita 4. Mita 2 zilizokosekana zingetoka upande mmoja tu, wenye nyumba 3, kwa kuwa upande wa pili ulikuwa na kuta mpya za matofali na wenye kuta hizo walikuwa wengi mkutanoni. Miongoni mwa nyumba hizo 3 ilikuwamo ya mama mmoja mjane, ambaye fremu yake ya mbele aliipangisha kwa fundi cherehani. Kodi ya fremu ile ndiyo iliyonunua sare na daftari za wajukuu. Mikono ikanyooshwa: waliokubali walizidi 60, waliopinga hawakufika 10. Kijana mmoja akanigeukia kwa heshima: "Mwalimu, wengi wape."

Nikaomba nafasi, nikauliza swali moja: kila aliyenyoosha mkono, yeye mwenyewe anatoa nini? Kimya kilitanda. Ukweli ni kwamba wengi wetu, nami nikiwamo kwa kuwa naishi ndani zaidi, tulikuwa tunapiga kura ya kupokea. Waliokuwa wanapigiwa kura ya kutoa ni nyumba 3.

Hapo ndipo ulipo moyo wa jambo hili. Wengi wanayo haki ya kuamua kwamba barabara ipite. Bila haki hiyo, mtu mmoja mkaidi angeweza kuwafungia njia mamia, nao ungekuwa udhalimu wa mchache juu ya wengi. Lakini haki ya kuamua kwamba jambo la wote lifanyike haizai haki ya kuamua kwamba gharama yake ilipwe na mmoja. Hayo ni maamuzi mawili, nasi tumezoea kuyapitisha kwa kura moja.

Sheria zetu zinaitambua tofauti hiyo. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inataka mwenye ardhi anayotwaliwa alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Kwa maneno mengine, taifa zima, ambalo ni wengi kuliko mtaa wowote, limejifunga kwamba likimtwalia mtu litamlipa. Shida ni kwamba kazi ndogo za mitaani aghalabu hazina fungu la fidia. Wakazi huombwa "kujitolea", na neno hilo zuri huharibika pale anapojitolea mmoja kwa amri ya wengine.

Yapo mambo ya kujifunza karibu nasi. Pale Hanna Nassif, Kinondoni, kando ya bonde la Msimbazi, wakazi walisumbuliwa sana na mafuriko. Kuanzia mwaka 1994, kwa msaada wa mashirika ya kimataifa, walianza kujenga mifereji na barabara za ndani, na wakazi wenyewe wakashika sururu na koleo kupitia chama chao cha maendeleo. Mzigo uligawanywa: huyu alitoa jasho, yule nafasi. Mtu huuma meno na kutoa akiona jirani naye anatoa.

Mbali zaidi ya mitaa yetu, mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya ili kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Serikali ilisema ile ni hifadhi ya barabara. Wakazi walisema wameishi pale miaka mingi. Oktoba 2021 wamachinga waliondolewa kwenye njia za waenda kwa miguu na kupelekwa katika maeneo waliyotengewa. Aliyewahi kutembea katikati ya magari Kariakoo kwa sababu njia ya miguu imejaa mitumba anajua kwamba hoja ya kuwaondoa ilikuwapo. Hata hivyo, swali letu linabaki lile lile: sisi tuliorudishiwa njia tulipata, aliyepoteza wateja wake alipoteza. Je, hesabu hiyo ilimhusu yeye peke yake?

Mtu ataniambia: ukianza kupima machungu ya kila mmoja, hakuna kitakachojengwa. Pingamizi hili si dogo. Katika mtaa wetu, baada ya swali lile, majadiliano yalichukua miezi. Mwishowe ilikubaliwa mita 1 itoke kila upande. Mahali ambapo ukuta haukuweza kusogezwa, kaya za ndani zilichangishana ili fremu ya mama yule ijengwe upya, ndogo kidogo, upande wa uani. Lakini masika yalitukuta bado tunachangishana, vyoo vikatapishwa tena, na jirani mmoja mwenye mtoto mchanga aliniambia waziwazi kwamba haki yangu ilinuka. Sikuwa na jibu la kumfariji. Haki nayo ina gharama, na waliozilipa mwaka ule walikuwa watoto. Nadhani bado ilistahili, kwa kuwa njia iliyopatikana kwa kumkamua mjane ingetufundisha namna ya kupata kila kitu kingine baada yake. Leo zamu ni yake, kesho ni ya mpangaji, keshokutwa ni ya mzee asiye na mtoto wa kumsemea.

Mpangaji mwenyewe anastahili neno. Ni mkazi, ana haki ya kuja mkutanoni, lakini mara nyingi haji, au akija hukaa nyuma na kunyamaza, akihofu mwenye nyumba. Barabara ikipita kodi hupanda, na huenda yeye ndiye atakayehama kabla lami haijapoa. Tunapohesabu mikono, tukumbuke kuhesabu pia wasionyoosha: mpangaji, mgonjwa aliye ndani, mtoto ambaye atapita njia hiyo miaka 50 ijayo.

Kwa hiyo simkatazi mtu kuitumia methali ya wahenga. Wengi wape. Wape njia, wape mfereji, wape hewa safi, maana ni vyao. Ila kabla mikono haijashushwa, mwenyekiti na aulize swali la pili, kwa sauti ile ile aliyouliza la kwanza: na nani anatoa? Ikiwa jibu ni "yule pale", kura bado haijaisha.