Kidole, Mkono na Moyo

Tuulizane swali ambalo wazee wetu wa Bariadi wangelicheka: ukimpiga risasi mtu wa kwenye runinga, dhambi, kama ipo, inakaa wapi? Kwenye kidole, kwenye mkono, au kwenye moyo?

Zipo gemu za bunduki ambazo hujioni mwenyewe. Unaona mtutu tu, na dunia iliyo mbele yake. Kwa lugha yetu waandishi, ni hadithi za nafsi ya kwanza. Tulizizoea kwa pedi ya kawaida: dole gumba linasukuma kijiti, jicho na bunduki vinageuka pamoja. Mwaka 2006 Nintendo wakaleta Wii, yenye rimoti unayoielekeza kwenye runinga kama unavyomnyooshea mtu kidole. Mwaka 2010 Sony wakafuata na PlayStation Move. Sasa mkono wenyewe ndio unaolenga.

Je, inafaa? Kwa kulenga, inafaa kweli. Mkono unafika haraka kuliko kijiti. Taabu ni kugeuka. Katika gemu nyingi za namna hii, adui akiwa nyuma inabidi usogeze alama ya shabaha hadi ukingoni mwa kioo, ndipo dunia ianze kuzunguka. Na bega nalo linachoka, bwana! Halafu mkiwa mmebanana kwenye benchi la kibanda cha gemu, ukipunga mkono utamtoa mshkaji jicho.

Lakini wapo wanaosema ubaya mkubwa ni huu: aliyebonyeza kitufe alicheza tu, aliyenyoosha mkono amejifunza kuua. Hebu tutazame. Juni 2007, bodi ya Uingereza iliyokuwa ikipima filamu na gemu wakati huo ilikataa kuipa cheti Manhunt 2, gemu ya mauaji ambayo kwenye Wii unaua kwa kupunga mkono. Ila ilikataa pia ile ya PlayStation 2, ya kubonyeza vitufe. Basi mkono haukuwa kesi yote. Kesi ilikuwa kile ambacho mchezaji anaalikwa kukifurahia.

Mimi nasema tusiende mbali. Huku huku Simiyu, wilayani Meatu, wapo Wahadzabe. Mwindaji wao akimchoma mnyama mkubwa kwa mshale wa sumu, kazi ndiyo kwanza inaanza. Atasubiri, atafuata nyayo na matone ya damu, hata kwa masaa, mpaka amkute. Anajua uzito wa alichokifanya kwa sababu amekifuata kwa miguu yake.

Hicho ndicho gemu inachokosa, iwe ya kitufe au ya mkono. Ukilenga, adui anaanguka, anafutika, anakuja mwingine. Rimoti imeuleta mkono karibu na tendo; matokeo imeyaacha kule kule mbali.

Na sisi wenye kalamu tusijitoe. Mara ngapi tunamuua mhusika ukurasa wa tatu ili hadithi inoge, halafu hatuendi hata msibani kwake?