Haki ya Mmoja Katika Milioni

Husemwa kwamba mali ya umma ni ya wengi, na kwamba mwenye maradhi adimu hana budi kungoja mpaka maradhi ya wengi yaishe. Hoja hii ina sura ya haki, lakini yafaa ipimwe.

Yako maradhi ambayo madaktari huyaita fibrodisplasia osifikansi progresiva. Misuli na kano za mgonjwa hugeuka mifupa kidogo kidogo. Shingo na uti wa mgongo hukakamaa mapema, kisha mabega, nyonga na taya. Hukadiriwa kuwa humpata mtu mmoja katika milioni. Sensa ya 2022 ilihesabu watu karibu milioni 2.5 katika Mkoa wa Kigoma. Kwa kadirio hilo, mkoa mzima waweza kuwa na wagonjwa wawili au watatu. Tuseme mmoja wao amezaliwa Busunzu, wilayani Kibondo: umma una wajibu gani kwake?

Jeni iletayo maradhi haya ilijulikana mwaka 2006. Dawa iitwayo palovarotini iliruhusiwa Kanada mwaka 2022 na Marekani mwaka 2023. Hupunguza uotaji wa mifupa mipya, haiondoi iliyokwisha kuota, na yaweza kukomesha mapema ukuaji wa mtoto. Bei yake mkulima wa maharage na mihogo hawezi kuimudu, wala zahanati yake. Hapa mtetezi wa wengi hudhani ameshinda.

Walakini hajashinda. Kisu cha mpasuaji, sindano ichomwayo msulini, na hata mkono wa mkandaji mwenye huruma, vyaweza kuamsha mfupa mpya mwilini mwa mgonjwa huyu. Basi tiba yake ya kwanza ni kutomuumiza, na tiba hiyo haiuzwi. Ya pili ni prednisoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ambayo hutolewa kwa siku chache kutuliza uvimbe mkali. Dalili nayo aghalabu huonekana tangu kuzaliwa: vidole gumba vya miguu huwa vifupi na vilivyopinda. Mkunga ajuaye hivyo atampa mtoto rufaa kabla uvimbe wa kwanza haujatokea mgongoni, na kabla mtu hajaupasua akidhani ni saratani.

Umaskini ni udhuru wa kukosa dawa. Si udhuru wa kukosa maarifa. Deni la dawa lisifutwe kwa hayo. Liandikwe, lingoje uwezo. Lakini amnyimaye mmoja kitu kisichowapunguzia wengi chochote hawatetei wengi; amemtupa mmoja tu.