Shahada Karibu na Mzinga

Kijana wa Mpanda akichaguliwa kusoma hukohuko Katavi, wapo wazazi wanaonuna: kwa nini asiende Dar es Salaam kama wenzake? Nawaomba kwanza waangalie kinachofundishwa pale. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chenye makao makuu Morogoro, kina Kampasi ya Mizengo Pinda mkoani Katavi, na mojawapo ya shahada zake ni ya usimamizi wa rasilimali za nyuki. Ndipo mahali pake hasa! Katavi ni nchi ya miombo, na mizinga ya magogo imetundikwa mitini tangu enzi za mababu.

Na elimu hiyo inahitajika: asali ikirinwa kabla nyuki hawajaziba masega kwa nta, hubaki na maji mengi. Yakizidi asilimia 20, huweza kuchacha ndani ya ndoo, na mnunuzi akakataa mzigo wote. Moshi nao ukizidi, ladha huharibika. Msomi mwenye kipimo cha maji mkononi, anayewajua warina asali kwa majina na lugha yao, ni mtaji wa kijiji kizima.

Kazi ya msomi huyo haitangazwi gazetini, na mwanzo wake ni mgumu kweli. Lakini halmashauri hutenga mikopo kwa vikundi vya vijana. Wahitimu waunde vikundi, waombe. Nawe mzazi, mwanao akichaguliwa kampasi ya mkoani, mfungie mizigo aende, na umwambie unajivunia.