Kidonda Kilichosingiziwa Mpira

Ukimuuliza kijana anayependa nyimbo za Bob Marley mtu huyo alikufa kwa nini, mara nyingi utajibiwa kwamba aliumia mguu akicheza mpira. Mwingine atakuambia kwamba maadui zake walimpa viatu vilivyofichwa waya wenye sumu. Majibu haya yamezunguka kwa zaidi ya miaka 40, na yote mawili yanapotosha. Bob Marley alifariki Miami, Marekani, tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36, kwa saratani ya ngozi iitwayo melanoma. Ilianzia chini ya ukucha wa dole gumba la mguu wake wa kulia.

Naandika habari hii kwa sababu kidole kile kingeweza kuwa changu au chako. Sisi ni watu wa kandambili, wa kutembea peku shambani, wa kujikwaa kwenye kizingiti usiku umeme ukikatika. Ukucha ukigeuka mweusi hatushtuki, maana sababu tunayo tayari mdomoni.

Katika ngozi ya kila binadamu kuna seli zinazotengeneza rangi. Mweusi anazo, mzungu anazo. Tofauti ni kiasi cha rangi zinachotoa. Ikitokea maagizo ya urithi yaliyo ndani ya seli moja yakaharibika, seli hiyo inaweza kuanza kugawanyika bila kusimama. Mwanzoni kizazi chake hutambaa juu juu ya ngozi, na hapo mkasi wa daktari unaweza kukimaliza chote. Baadaye huchimba kwenda chini, kwenye mishipa ya damu na mishipa inayoelekea kwenye mitoki, na kupitia njia hizo husafiri hadi mapafu, ini na ubongo. Ndiyo maana madaktari hupima kina cha melanoma kwa milimita. Isiyofika milimita 1 kwa kawaida hutibika kwa upasuaji peke yake. Ikipita milimita 4, hatari imekuwa kubwa sana.

Wazungu wengi huipata melanoma kwa kuchomwa na jua, na matangazo mengi yanayoihusu husema habari za jua. Sisi tukiyasikia tunaona hayatuhusu. Ni kweli kwamba ngozi nyeusi hupata ugonjwa huu kwa nadra zaidi. Lakini unapotupata, mara nyingi hukaa mahali ambapo jua halifiki: kwenye unyayo, kiganjani, au chini ya ukucha. (Ndugu zetu wenye ualbino wana hatari nyingine, ile ya saratani za ngozi zinazoletwa na jua, na kwao kofia, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua ni lazima.) Nani kati yetu huugeuza unyayo wake na kuutazama?

Turudi kwa Marley. Alikuwa mpenzi mkubwa wa soka, akicheza karibu kila alikosimama safarini. Inasimuliwa kwamba kidole kile kilikuwa kimewahi kuumia miaka michache kabla. Mwezi wa Mei 1977, akiwa Paris katika ziara ya Ulaya, aliumia tena uwanjani na ukucha ukang'oka. Kidole kilifungwa bendeji, naye akaendelea kupanda jukwaani. Kidonda hakikukauka. Katikati ya mwaka huo kinyama kilikatwa kikapelekwa maabara, na majibu yakatoka kwamba ni melanoma.

Teke moja la mpira haliwezi kuzaa saratani ya namna hiyo ndani ya wiki chache. Ugonjwa ulikuwa umeshajenga humo. Mpira uliufunua, na wakati huohuo ukawapa watu maelezo mepesi ya kuuficha tena. Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Mtu mwenye kidonda kisicho na sababu huenda hospitali kwa hofu. Mwenye kidonda alichokwisha kukipatia sababu hukaa nyumbani akisubiri kipone. Mmoja atasema alijigonga, mwingine atasema ni fangasi, mwingine ni kiatu kilichobana. Na katika vijiji vyetu vingi kuna maelezo mazito zaidi: amekanyaga kitu alichotegewa. Mguu unaanza kutibiwa kwa mganga, miezi inapita, na uvimbe unachimba.

Basi tujue dalili zenyewe, kwa maana ndizo zilizopuuzwa. Damu iliyovilia chini ya ukucha husogea mbele kadiri ukucha unavyokua, na nyuma yake ukucha safi huonekana ukichomoza. Ukucha wa dole gumba la mguu hukua polepole, huchukua mwaka au zaidi kumalizika wote, lakini baada ya wiki kadhaa utaona doa limesogea. Melanoma haisogei hivyo. Huwa ni mstari mweusi au wa kahawia unaotoka kwenye shina la ukucha hadi nchani, na badala ya kuondoka hupanuka. Watu weusi wengi wana mistari ya namna hiyo kwenye kucha kadhaa na hawana ugonjwa wowote, kwa hiyo usipagawe ukiiona yako ya siku zote. Wa kutiliwa shaka ni mstari mpya, ulio kwenye ukucha mmoja tu, hasa wa dole gumba, wenye rangi isiyolingana. Weusi ukimwagika hadi kwenye ngozi inayouzunguka ukucha, usingoje hata wiki. Kwenye unyayo, tazama doa jeusi lenye kingo zisizonyooka linalokua, au kidonda kilichodhaniwa kuwa sugu au sunzua lakini kinachuruzika damu na hakifungi. Wakati mwingine melanoma haina weusi kabisa. Huwa ni nyama nyekundu laini inayochomoza pembeni ya ukucha, na hata mhudumu wa afya anaweza kuidhani ni usaha wa kawaida. Uvimbe kwenye kinena upande wa mguu unaoumwa ni dalili kwamba ugonjwa huenda umeshafika kwenye mitoki.

Marley alishauriwa kidole kikatwe. Alikataa. Imani yake ya Rastafari ilimfundisha kwamba mwili usikatwe, na hapana shaka aliwaza pia jukwaa na soka. Daktari mwingine akakubali kufanya upasuaji mdogo: kuondoa ukucha na nyama iliyo chini yake, kisha kupandikiza ngozi iliyotolewa pajani. Sitaki tumhukumu. Nikiambiwa kesho kwamba kiungo changu kikatwe na ilhali natembea bila shida, sijui ningejibu nini, na pengine ningemtafuta daktari wa kunipa jibu jepesi zaidi.

Kidonda kikafunga, na kufunga kwake kukaaminiwa kuwa ndiko kupona. Mwezi wa Aprili 1980 aliimba Harare, wakati huo ikiitwa Salisbury, katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe. Ilipofika Septemba, siku moja baada ya kutumbuiza New York, alianguka akikimbia mazoezi katika bustani ya Central Park. Vipimo vikaonyesha saratani imesambaa, mpaka kwenye ubongo. Siku mbili baada ya kuanguka huko alitoa onyesho lake la mwisho mjini Pittsburgh. Sehemu kubwa ya miezi iliyofuata aliitumia Ujerumani, katika kliniki ya Josef Issels, daktari aliyetumia tiba zisizokubaliwa na wenzake. Alifariki akiwa njiani kurudi kwao Jamaika.

Siku hizi zipo dawa zinazoamsha kinga ya mwili ipigane na melanoma iliyosambaa, dawa ambazo hazikuwapo enzi zake. Zimewaongezea wengi maisha, lakini bei yake ni kubwa mno na kwetu hazipatikani kwa urahisi. Tiba tunayoweza kuitegemea ni kuwahi. Mgonjwa wa Tanzania anaweza kuanzia zahanati na kuomba rufaa kwa daktari wa ngozi. Katika hospitali ya KCMC pale Moshi kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi, na taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam, hushughulikia saratani. Ukifika, omba kinyama kikatwe kipimwe. Ukiambiwa ni melanoma, uliza imechimba milimita ngapi na kama mitoki imekaguliwa. Ukifanyiwa upasuaji, uliza tarehe ya kurudi, na urudi hata kama hujisikii vibaya.

Wazee wetu wengi hawawezi tena kuinama na kuutazama unyayo. Ukienda kuwasalimia, waoshe miguu, uikaushe, uwashe tochi ya simu na uangalie katikati ya vidole na kisiginoni. Ukiona doa wasilolikumbuka, ondoka nao kesho yake kwenda kituo cha afya.