HOTUBA YA IJUMAA: RUDISHA KISICHO CHAKO, NA USHIKE KARATASI YAKO

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake wote. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, baba na mama, na ninyi vijana mnaopenda kukaa karibu na mlango: ninawausia na kuiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Leo tunaongea juu ya pesa. Si zaka, hiyo tuliisema katika Ramadhani. Tunaongea juu ya pesa iliyoingia katika konti yako na si yako, na namna ya kuirudisha bila kuumizwa.

Tangu mwaka 2011, Serikali ilipoanza kulipa watumishi wake kupitia benki, jambo hili limekuwa la kawaida. Zamani mhasibu alikuja na mfuko wa pesa na liste ya majina. Akikuzidishia, aliona jioni akihesabu, na asubuhi alikuwa mlangoni kwako. Sasa mashine inalipa, na mashine haiji mlangoni. Mwalimu amehamishwa shule, jina lake likabaki kwenye liste mbili, analipwa mara mbili. Mzee wa pansiyo amefariki, tumemswalia hapa hapa, tumemzika, na mwezi unaofuata pansiyo yake inaingia kama vile yu hai. Mama anapokea posho ya watoto kutoka CNSS, ile ambayo wazee wetu bado wanaiita INSS, mtoto amekwisha kuvuka umri na pesa inaendelea kuja. Familia iliyokimbia vita imeandikwa mara mbili kwenye liste ya msaada.

Wengi wetu tunasema nini? Tunasema: ni riziki, Mola amenikumbuka.

Ndugu yangu, riziki haiji kwa jina la maiti. Katika hadithi aliyoipokea Abu Huraira, na iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alisimulia habari ya mtu aliyenunua shamba, akalima, akakuta humo chungu cha dhahabu. Hakusema ni riziki. Alikwenda kwa aliyemuuzia na kumwambia achukue dhahabu yake, kwa kuwa yeye alinunua udongo tu. Muuzaji naye akakataa, akasema aliuza shamba na vyote vilivyomo. Wakapelekana kwa mwamuzi, kila mmoja akimsukumia mwenzake. Mwamuzi akauliza kama wana watoto. Mmoja alikuwa na kijana, wa pili na binti. Akawaozesha, na dhahabu ikatumika kwa hao wawili na kwa sadaka. Sisi leo tunakwenda kwa mwamuzi kwa sababu kila mmoja anavuta upande wake.

Na tazama Abu Bakr (r.a.). Wanahistoria wanasimulia kwamba alipokuwa khalifa alipewa posho kutoka Baitul-Mali ili aache biashara na kuwatumikia watu. Alipokuwa mgonjwa, katika maradhi aliyofia mwaka wa 13 wa Hijra, aliagiza kitazamwe kilichozidi katika mali yake tangu ashike uongozi, kisha kipelekwe kwa atakayemfuata. Vilivyopelekwa vilikuwa vichache mno, pamoja na ngamia wa kuchotea maji. Umar (r.a.) alipoviona alilia, akasema Abu Bakr amewachosha sana watakaokuja nyuma yake. Huyo alirudisha posho aliyopewa kwa halali. Je, wewe uliyelipwa mara mbili?

Sasa nasikia mtu ananung'unika moyoni: «Imamu, Leta ndiyo inayonidai, ama mimi ndiye ninayeidai Leta? Miezi mingapi ya mshahara wangu sikuiona? Baba yangu alifanya kazi ya reli hapa Kindu, akafa bila kumaliziwa haki yake.» Neno hilo lina uzito na silidharau. Watu wa reli wanajua walivyongoja. Wanazuoni pia walilizungumza: katika madhehebu yetu ya Shafii upo mlango kwa mtu aliyenyimwa haki yake kabisa, na wanataja habari ya Hindu, mke wa Abu Sufyan, ambaye Mtume (s.a.w.) alimruhusu achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake kwa wema. Lakini Hindu alikwenda kwanza kuuliza. Hakujihukumia chumbani. Na pesa uliyolipwa zaidi huenda imekatwa kwenye fungu la mwalimu mwenzako aliye Kibombo, ambaye hakukukosea kitu. Maoni yangu ni haya: kama unaidai Serikali, andika barua ya madai yako, na uombe kwa maandishi kwamba kilichozidi kihesabiwe ndani ya deni lako. Wakikubali na kutia sahihi na kashe, ni halali yako. Wakikataa, rudisha chao, na uendelee kudai chako.

Juu ya pansiyo ya marehemu kuna jambo moja watu hawalijui, nami nalisisitiza. Haki ya mzee kupokea pansiyo yake inakoma anapokufa. Kilichoingia baada ya hapo hakikuwa mali yake hata saa moja, basi si mirathi. Msiniite nigawanye kwa faraidhi pesa ya miezi iliyokuja baada ya kaburi. Kinachowahusu ninyi ni haki nyingine: mjane na mayatima wana malipo yao wenyewe katika sheria, nayo yanaombwa kwa hati ya kifo, hati ya ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mama akiwa katika eda, miezi yake minne na siku kumi, anaweza kutoka mchana kwa haja ya namna hii. Anayenyamaza ili aendelee kuchukua pansiyo ya marehemu anaharibu faili ile ile atakayohitaji kesho kwa watoto.

Haya, umekubali kurudisha. Sasa nafika mahali ambapo watu wema wanaumia zaidi kuliko waovu.

Katika mtaa mmoja hapa mjini kuna mama mjane, mtu wa swala na mtu wa haya. Mumewe alipofariki, pansiyo iliingia miezi mitano zaidi. Mtoto wake mkubwa alikuwa akiitoa kwa kadi bila kufikiri. Ofisi ikawaita. Mama akasema, tunalipa, hatutaki deni la dunia wala la akhera. Akauza cherehani na mbuzi wawili, akatimiza pesa yote, akampa mtoto, mtoto akamkabidhi ajenti mmoja waliyemzoea, mtu anayekula nao kwenye arusi. Ajenti akasema: «Mama, kwa nini karatasi? Mimi na ninyi si ndugu?» Mama akaona aibu kusisitiza. Mwaka haukuisha, ajenti akahamishwa. Mkuu mpya akafungua faili, akakuta deni liko palepale. Mjane amelipa na hajalipa. Na malipo yake ya ujane yakasimamishwa kwa sababu ya deni hilo. Mbele ya Mwenyezi Mungu ameshasalimika, inshallah. Mbele ya gishe, hana kitu mkononi.

Nani alitufundisha kwamba kuomba karatasi ni kumtukana ndugu yako? Si Qur'ani. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani nzima, ya 282 katika Suratul-Baqara, haisemi juu ya vita wala juu ya pepo. Inasema juu ya kuandika deni: kuwe na mwandishi mwadilifu, kuwe na mashahidi, msichoke kuandika hata kikiwa kidogo. Waliokuwa wakiambiwa hayo ni maswahaba, watu wenye amana kuliko mimi na wewe na ajenti yeyote. Karatasi inakulinda wewe, na inamlinda yeye pia asishawishiwe na shetani.

Ipo hadithi nyingine ndani ya Bukhari, ya mtu wa Bani Israili aliyekopa dinari elfu moja na kuweka siku ya kulipa. Siku ikafika, yuko ng'ambo ya bahari, hakuna jahazi. Akatoboa gogo, akatia humo dinari elfu moja pamoja na barua kwa mwenye pesa, akaliziba, akalitupa majini huku akimwomba Mwenyezi Mungu. Wengi tunaisimulia kwa ajili ya muujiza wa gogo kufika. Mimi nataka mtazame mambo mawili. La kwanza, aliweka barua. Hakutuma pesa tupu isiyo na jina. La pili, hakukaa akajisemea nimelipa. Alipopata jahazi alikwenda mwenyewe na dinari elfu nyingine, mpaka mwenye mali aliposema kwa kinywa chake kwamba ile ya kwanza imefika. Ndipo akarudi na elfu yake.

Basi ndugu yangu, fanya kama yeye. Ukiitwa kurudisha, omba kwanza barua yenye jina lako, namba ya faili, miezi inayotajwa na kiasi. Hesabu wewe mwenyewe kwa karatasi zako za benki kabla ya kukubali. Na wao wanakosea, kwani kosa la kwanza lilikuwa la nani? Ukipigiwa simu na sauti usiyoijua ikikwambia tuma pesa sasa hivi kwenye namba fulani la sivyo utafungwa, usitume hata franka mia. Nenda kwa miguu yako ofisini, uulize.

Pesa ya ofisi haiwekwi mkononi mwa mtu. Inawekwa benki, kwenye konti ya ofisi yenyewe, namba iliyoandikwa ndani ya barua. Juu ya bordero andika jina lako kamili, namba ya faili na sababu ya malipo. Kama deni ni la faranga, lipa faranga. Anayekugeuzia kuwa dola kwa bei ya kichwa chake, mwambie aandike bei hiyo na atie sahihi, utaona atakavyobadilika. Wakiruhusu kulipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, hakikisha namba ni ya ofisi, si ya mtu, na nakili namba ya muamala kwenye daftari siku ile ile, kwa maana simu inaibiwa na ujumbe unakwenda nayo.

Kama huna uwezo wa kulipa yote, sema. Aya ya 280 ya sura ile ile inaamuru aliye katika dhiki apewe nafasi. Omba kulipa kidogo kidogo, mapatano yaandikwe, na kila kipande kiwe na risiti yake. Usikubali maneno ya «tutakupa moja mwishoni».

Halafu fanya fotokopi ya bordero, upeleke ofisini na barua fupi. Uwe na nakala mbili: moja wanabaki nayo, ya pili wanaigonga kashe na tarehe na jina la aliyepokea, unarudi nayo. Omba karatasi inayosema deni limekwisha. Mwezi unaofuata tazama malipo yako, maana wengine wameshalipa na bado wanakatwa.

Na karatasi hizo, mziweke! Zile ndogo zinazotoka mashine ya benki wino wake hufutika kwa joto. Baada ya miezi una karatasi nyeupe tu. Fanya fotokopi mapema. Weka ndani ya plastiki, mbali na mchwa na mvua, na nakala nyingine umpe ndugu wa mji mwingine. Watu wa Goma walikimbia Nyiragongo Januari 2002, wakakimbia tena Mei 2021, na kila mara nyumba zimeungua na kila kilichokuwemo. Waambie mke na watoto karatasi ziko wapi. Mtume (s.a.w.) alituonya tusilale siku mbili bila wasia ulioandikwa kama tuna jambo la kuusia. Deni ulilolipa ni jambo la kuusia vilevile, ili wasije wakalilipa tena juu ya kaburi lako.

Najua barua hizi huja kwa Kifaransa, na wengi wetu tulisoma kwenye chuo cha Qur'ani tu, mimi mmoja wao. Kwa hiyo tumepatana na vijana wawili walimu. Kuanzia kesho Jumamosi, baada ya swala ya Alasiri, watakaa barazani upande wa wanaume, na dada mmoja mwalimu atakaa upande wa wanawake. Watasoma barua yako, watakusaidia kuhesabu na kuandika jibu, bila malipo. Leteni karatasi tu. Pesa msilete, hata mtu akiwaambia ametumwa na imamu.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.